Ni Mimi Niliyepiga Polishi

Wiki iliyopita mliniacha nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, katikati ya chumba cha mbele, naangalia dari mpya na kulia kwa furaha. Afadhali mngeniacha palepale.

Kwa anayeanza nami leo: naitwa Nokhwezi, mjane, mkazi wa Mdantsane, Afrika Kusini, mfua mashuka hospitalini. Mume wangu Monde alikufa kwa maradhi ya kifua. Kabla sijavua nguo nyeusi za ujane, mvua ya mawe iling'oa bati zetu, ikaingia ndani kama mwenye nyumba. Tangu hapo nimekuwa nikiirudisha nyumba ile kwa mshahara wa kufua. Bati. Kuta. Dari. Na kila Jumapili shemeji yangu Lungisa, mdogo wake Monde, alipita kuchungulia nimefika wapi, kama mtu anayengojea makande ya jirani yaive ili aje na bakuli lake.

Ilibaki sakafu.

Najua wapo watakaosema sakafu ni sakafu tu, mtu anakanyaga anapita. Hii yangu imeua.

*

Ndani tulikuwa wanawake watatu. Mimi, binti yangu wa pekee Sinazo, na mama mkwe wangu MaMpinga, mama yao Monde na Lungisa, mwenye nyumba. Mvi zimeanza kuniota kichwani, lakini yeye mpaka leo ananiita Makoti, yaani bibi harusi, kana kwamba nililetwa juzi.

Jioni moja Sinazo aliingia na viatu vyake, akasimama kwenye saruji tupu.

"Mama, wanakuja."

"Akina nani?"

"Watu wa kwao Ayabonga. Wametuma neno. Wanakuja kuzungumza mahari."

Ayabonga wa ukoo wa Tolo ndiye mchumba wake, na mimi nilipiga kigelegele mpaka majirani wakatoa vichwa madirishani. Kisha nikatazama chini. Saruji ilikuwa na mabaka ya maji na nyufa alizoziba fundi, imekaa kama uso wa mtu aliyeugua ndui.

"Watakanyaga hii?"

"Ina nini?" MaMpinga aliuliza kutoka kitini kwake. "Ipakwe nyekundu, ipigwe polishi. Mimi nilipokelewa kwenye sakafu ya samadi na nikaolewa. Ng'ombe wakahesabiwa mpaka wenye kuhesabu wakaomba maji."

"Bibi, siku hizi watu wanaweka mbao," Sinazo akasema.

"Mbao anawekewa maiti."

Tukacheka, sote watatu. Nakumbuka kwamba tulicheka.

*

Mimi na Sinazo tulikwenda mjini, East London, kwenye duka la sakafu. Muuzaji alikuwa dada mmoja mchangamfu, anatafuna chingamu, anatutazama viatu kabla ya nyuso.

"Hii ndiyo mbao yenyewe, mama. Mti uliosimama, ukaangushwa."

Nikaweka kiganja juu yake. Ilikuwa na joto kama mkono wa mtu. Nikauliza bei. Nikaondoa kiganja.

"Na sisi tusio na mti?"

Akacheka. "Sogeeni huku. Hii ni unga wa mbao ulioshindiliwa, juu wamebandika sura. Igonge."

Nikaigonga. Ikaitika: ko! Nikaipenda hapohapo.

"Nyumba yenu haina unyevu?"

"Iliwahi kuogelea," Sinazo akajibu.

"Basi msiichukue. Itawavimbia kama andazi. Mtakuwa mnapanda vilima mkienda jikoni."

Ya tatu ilikuwa plastiki. Vipande virefu, vyepesi, vyenye sura ya mbao, vya kuunganisha meno kwa meno. Maji hayaifanyi kitu, alisema. Mtoto akikojoa unapangusa. Nikaigonga. Haikuitika. Ni kama kugonga ndala.

"Wamechora mpaka tundu la mdudu!" Sinazo alisema, kidole juu ya kipande.

Alitaka ya kijivu, ndiyo wanayoweka watu wote. Nikamwambia watu wote hawafui mashuka. Kulikuwa na mabaki ya rangi ya asali, bei imeshushwa kwa sababu haitengenezwi tena. Yakitosha chumba cha mbele na ukumbi mdogo, bahati yetu. Yalitosha.

Akiwa anafunga kamba, yule dada akatuambia, "Ila polishi mwiko. Hainywi, hii. Polishi inakaa juu, panateleza kama pamemwagwa bamia. Maji na sabuni kidogo, basi."

Tulisikia wote wawili, mimi na mwanangu. Likumbukeni hilo, maana mwanangu hajalisahau.

*

Nilipofika nyumbani nilimwambia MaMpinga.

"Mama, hii haipigwi polishi."

"Haipigwi?"

"Kabisa. Sasa utapumzisha magoti yako."

Akayatazama magoti yake.

Nieleze kidogo. Tangu nilipoletwa kwenye nyumba ile, kila Ijumaa MaMpinga alipiga magoti na kopo la polishi nyekundu na kipande cha blanketi kuukuu, akaisugua sakafu kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma. Wanawake wa mtaa walikuwa wakisema ukitaka kujua kama una mchicha kwenye meno, nenda kwa MaMpinga ukainame. Magoti yake yalikuwa meusi na magumu kama visigino. Mimi nilidhani nampa zawadi.

Fundi alimaliza kabla jua halijazama. Chumba kikawa cha asali. Majirani walikuja kuangalia wakavua viatu mlangoni bila kuambiwa. MaMpinga alipita pembeni, amejibana ukutani, kama anayepita kando ya shimo.

Lungisa alikuja Jumapili. Yeye hakuvua viatu.

"Shemeji, umeweka mbao?"

"Plastiki."

"Usiwaambie watu wa Tolo. Waache wadhani tuna uwezo." Akachuchumaa, akakwaruza kona kwa ufunguo wa gari. Haikukwaruzika. "Nyumba ya baba imeanza kupendeza," akasema, kwa sauti ya mtu aliyebandika sufuria mwenyewe.

*

Siku yenyewe nilikuwa uani tangu alfajiri, kwenye moto. Kondoo alichinjwa jana yake, masufuria yanachemka, moshi umeniingia mpaka kwenye meno. Mama wa binti haingii kwenye mazungumzo. Anasikia kupitia ukuta. Kwa hiyo chumba cha mbele sikukanyaga.

Ujumbe wa watu wa Tolo uliongozwa na Tata Zamile, yaani Baba Zamile, baba mdogo aliyemlea Ayabonga tangu alipofiwa na wazazi. Mzee mrefu, suti ya kahawia, sauti ya kwaya. Lungisa ndiye aliyesimamia upande wetu.

"Nyinyi ni nani," nilimsikia Lungisa, "na mmepotelea wapi hata mkaingia kwenye boma la watu?"

"Sisi ni Tolo. Hatukupotea. Tumeona ndama kwenye zizi hili, macho yakagoma kurudi nyumbani."

"Ndama huyu amesoma."

"Ndiyo maana tumekuja tumechana nywele."

"Wewe Tolo nywele unazo?"

Kicheko. Kumbe mzee alikuwa na upara. Na mimi huko uani nikacheka na mwiko mkononi, nikatamani Monde angesikia.

"Haya, Tolo. Kwetu hatuongei midomo ikiwa mikavu."

Ndiyo ada: mgeni anasimama, analeta chupa, anaiweka mbele ya wenyeji. Nikasikia kiti kikisukumwa. Hatua moja. Ya pili.

Kisha ukaja mlio. Nafua mashuka ya hospitali, nimeona na kusikia mengi. Mlio ule sitaki kuusikia tena.

Niliingia mbio. Tata Zamile alikuwa chali, kisogo kwenye mguu wa chuma wa kabati la vyombo, mdomo wazi kama mtu aliyekatizwa sentensi. Chupa ilikuwa imevunjika. Harufu ya brandi ilijaa chumba, na chini ya harufu ile ilikuwepo nyingine, harufu ya Ijumaa zote za nyumba ile, ninayoijua kama harufu ya nguo zangu.

Nilipomwendea mguu wangu nao ukakimbia. Nikashika mlango. Nikagusa sakafu. Vidole vikarudi na mafuta mekundu.

"Nani kapaka mafuta hapa?" Lungisa alikuwa amepiga magoti kando ya mzee. Akajinusa viganja. "Hii polishi! Nani amepiga polishi sakafu hii?"

Watu wa Tolo wakatutazama. Si kwa hasira, bado. Walikuwa wanangojea jibu.

Nikainua macho. Kwenye mlango wa ukumbi alisimama MaMpinga, shanga zake za sherehe shingoni, mikono imefichwa ndani ya shali. Shali ikateleza kidogo. Nikaona kucha. Nyekundu, zote, mpaka kwenye mizizi.

"Nauliza! Mtu amelala hapa!"

Yule bibi akaivuta shali kufunika vidole.

"Mimi," nikasema. "Ni mimi niliyepiga polishi."

Nimelisema neno hilo mara nyingi tangu siku ile. Nimelisema mbele ya daktari, mbele ya polisi aliyekuja kuuliza na kuondoka, mbele ya wazee wa pande mbili. Nyinyi mnaosoma ndio wa kwanza kuambiwa kwamba ni uongo.

*

Jioni ile, gari la wagonjwa lilipokwisha kuondoka na nyama zimeganda kwenye masufuria, niliingia chumbani kwa MaMpinga. Alikuwa amekaa kitandani, viatu miguuni.

"Kwa nini umesema ni wewe?"

"Kwa sababu wewe watakumaliza, Mama. Mimi nitavumilia."

Nikachukua beseni, nikaanza kumsugua kucha kwa brashi na parafini. Mikono yake ilikuwa baridi.

"Nilikwambia haipigwi," nikasema.

"Uliniambia. Nilisikia."

"Basi kwa nini?"

"Mjukuu wangu anaposwa, Makoti. Wageni wanakuja, na mimi nimekaa kwenye kiti kama mzigo. Uliposema haipigwi, nikadhani unanionea huruma. Nikadhani unaona haya watu kukuta kikongwe amepiga magoti."

"Mama."

"Nilitaka ing'ae. Basi."

Nikaendelea kusugua. Maji ya beseni yakawa mekundu, nikayamwaga nje, nikarudi.

"Sikiliza," nikamwambia. "Wewe ulilala mpaka wageni walipofika. Hukugusa kitu. Mtu yeyote akikuuliza, umesikia? Ulilala."

"Nililala," akasema.

*

Walimlaza hospitali ninakofua mashuka. Kila siku wakati wa chakula nilipanda ngazi, nikasimama nje ya wodi, nikamtazama kupitia kioo. Amefungwa kichwa, amelala tu. Kando yake mkewe, MaBhele, mama mnene mtulivu, ameshika vidole vyake kama anayevihesabu.

Siku moja Ayabonga alinikuta pale. Huyu ndiye kijana aliyekuwa akiingia jikoni kwangu bila hodi, anafunua sufuria.

"Mama, nakuomba," akasema, macho chini. "Usije tena. Watu wa kwetu wanakuona."

"Nataka tu kujua hali yake."

"Hali yake unaiona."

Sinazo naye alinisubiri nyumbani. Hakuvua koti.

"Mama, yule dada alikwambia. Nilikuwepo. Polishi mwiko, alisema. Bamia, alisema."

"Nilisahau."

"Hukusahau. Wewe husahau kitu? Unakumbuka nani alikuazima chumvi mwaka ambao mimi sijazaliwa!"

"Sinazo..."

"Ulitaka kujionyesha. Ulitaka waone mbao zinang'aa, wadhani ni za kweli. Sasa umeniumbua na mimi."

Nyuma ya ukuta mwembamba MaMpinga alikohoa. Alikuwa anasikia kila neno. Nilingoja. Sijui nilikuwa nangoja nini. Nilimwambia mwenyewe alale, naye alikuwa amelala.

"Nilitaka kujionyesha," nikasema. "Ndiyo."

Binti yangu alinitazama kama mtu aliyegonga mlango ukafunguliwa na mgeni.

*

Habari ya kifo sikuambiwa na mtu. Nilipanda ngazi siku ya Alhamisi, nikaangalia kupitia kioo, nikakuta godoro tupu na nesi analipangusa.

Nikashuka. Mchana ule mzigo wa wodi ile uliletwa kama kawaida, shuka juu ya shuka, nikausukuma kwenye mashine. Mwenzangu aliniuliza mbona nalia. Nikamwambia mvuke.

Mazishi yalikuwa kijijini kwao, ng'ambo ya mto Kei. Nilijua si vizuri kwenda na nilijua ni vibaya zaidi kutokwenda. Nikanunua blanketi zuri kwa ajili ya MaBhele, nikalikunja, nikaenda. Langoni walisimama wanaume wawili niliowaona siku ya mahari.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Kutoa pole."

"Umeshatoa. Tumeipokea, imo ndani ya sanduku."

"Basi naomba blanketi hili lifike kwa mjane."

"Rudi nalo. Tandika kwenye sakafu yako, mtu mwingine asianguke."

Nyuma yao, uani, wanawake walikuwa wakigawa chakula. Mmoja alikuwa amefunga kitambaa kichwani kama mke wa nyumba ile, ameshika sinia. Alikuwa Sinazo. Tukaonana. Sinia halikutikisika. Aligeuka akaendelea kugawa.

Hakurudi Mdantsane. Alinitumia ujumbe kwamba atabaki huko kumsaidia MaBhele, na kwamba ana mimba ya miezi minne, na kwamba nisimpigie.

Nilimsomea MaMpinga ujumbe ule kwa sauti. Akajifunika shali mpaka kichwani. Tangu siku hiyo akawa hali chakula, anakunywa chai tu. Na kile chumba cha mbele tukawa hatukiingii, sote wawili. Tulizunguka kwa mlango wa jikoni kama wapangaji.

*

Lungisa aliita kikao. Wazee wawili wa ukoo wakaja, wakakaa chumba cha mbele, miguu wameinyanyua kidogo, hata baada ya mimi kuisugua sakafu ile kwa maji ya moto na sabuni mpaka ngozi ya mikono ikaachia.

"Watu wa Tolo wametuma neno," Lungisa akaanza. "Hawataki ugomvi. Binti yetu ana mimba yao, wanataka amani. Lakini mahari hawawezi kuendelea kuizungumza kwenye nyumba ambayo ndani yake anaishi mtu aliyemwangusha ndugu yao. Wanauliza: mtu huyo bado yupo?"

Mzee mmoja akasema, "Haikuwa kusudi, jamani."

"Nani kasema kusudi? Moto ukikuunguzia nyumba huuulizi kusudi. Unauzima." Akanigeukia. "Shemeji, umefanya kazi. Bati umeweka, sakafu umeweka, tunashukuru. Lakini kaka yangu hayupo, na damu imemwagika. Mwanamke anayeleta damu ndani ya nyumba anakwenda wapi?"

"Unajua vizuri kwamba kwetu hakuna mtu," nikasema. "Wazazi wangu wote nimewazika."

"Hilo si swali la kikao."

"Swali la kikao ni nyumba, Lungisa. Limekuwa la nyumba tangu siku ya kwanza."

"Msikilizeni! Ameua mtu, bado ana mdomo!"

Mzee wa pili akanyanyua mkono. "Nyumba hii ina mwenyewe, na yuko hai. MaMpinga, sema wewe."

Sote tukamgeukia. Alikuwa kwenye kiti chake, mdogo kuliko nilivyowahi kumwona, mikono juu ya magoti. Kucha zilikuwa safi. Nilizisafisha mimi.

Niliogopa atasema. Mniamini. Niliogopa atafungua mdomo aseme ni yeye, halafu Lungisa amgeukie mama yake kwa sauti ile ile. Nikamtikisia kichwa kidogo: usiseme, Mama. Nitapigana mwenyewe.

MaMpinga akanitazama. Kisha akamtazama mwanawe.

"Lungisa anasema kweli," akasema. "Makoti aondoke."

Hata Lungisa alishtuka. Nilimwona.

"Mama?" nikasema.

"Mtoto lazima azaliwe kwenye ndoa. Aondoke." Na bila kunitazama, "Aache funguo."

*

Mtu akitolewa kwenye nyumba aliyokaa nusu ya umri wake hajui afungashe nini. Mimi nilichukua nguo za kazi, picha ya Monde, na lile blanketi ambalo halikupokelewa. Niliweka funguo mezani. Wazee walitazama madirishani. Lungisa alinishikia mlango, kwa adabu kabisa, kama mwenye hoteli.

Sikulia. Nilikuwa nafikiria kitu kimoja tu: aliponitazama, kabla hajasema, aliniomba radhi au aliniaga? Au alikuwa ameshaamini yeye mwenyewe kwamba alilala?

Nje ya lango kulikuwa na gari jeupe limeegeshwa, injini inanguruma. Nikadhani ni la mmoja wa wazee. Nilipolipita, kioo cha nyuma kikashuka.

Ndani alikaa mwanamke aliyevaa nyeusi kutoka kichwani hadi miguuni. Mjane hatoki nje ya lango akiwa katika nyeusi, haendi kwenye nyumba za watu. Mimi nimezivaa, najua. Na huyu alikuwa ametoka, amesafiri, amekuja mpaka Mdantsane.

"Wewe ndiye Nokhwezi?" MaBhele akauliza.

"Ndimi, mama."

"Ulikuja kwangu na blanketi, wakakurudisha. Sikuambiwa mpaka juzi." Akautazama mfuko wangu. "Wamekufukuza?"

Kwenye kiti cha mbele, kando ya dereva, alikaa binti yangu. Tumbo lilikuwa limeanza kuonekana. Alitazama mbele, lakini kichwa kilikuwa kimeinama upande wangu, kinasikiliza.

"Mume wangu alizinduka asubuhi moja," MaBhele akasema. "Mara moja tu. Nilikuwa naye peke yangu. Aliniambia kwamba siku ile, mlipowasimamisha langoni kungoja kama ilivyo ada, jua halijatoka vizuri, mlango wenu ulikuwa wazi. Alimwona mwanamke amepiga magoti ndani, anasugua sakafu. Alimtazama kwa muda mrefu. Alinipa neno la kumpelekea mwanamke huyo, na akanikataza nisimwambie mtu mwingine hata mmoja."

Nikashika lango.

"Sema neno lenyewe, mama. Mimi niko hapa."

"Wewe?" Akanitazama usoni, kisha kichwani, kwenye nywele zangu nyeusi zenye mvi chache, kisha magotini. "Mume wangu alisema ni bibi kizee."

Kwenye kiti cha mbele Sinazo akageuka. Mara ya kwanza tangu siku ile ya mazishi, mwanangu alinitazama machoni.

"Mama," akasema. "Mama, anasema nini huyu?"

MaBhele alikuwa ameshafungua mlango wa gari, mguu mmoja chini. "Neno la maiti halilali njiani. Nionyeshe huyo bibi yuko wapi, nimpe lake nirudi kwenye matanga yangu. Kama ni wewe uliyepiga magoti, sema mbele ya mtoto wako, niondoke. Lakini useme kweli."

Sikujua neno lile ni baraka au ni laana. Uso wake haukuniambia.

Nyuma yangu nikasikia mlango wa nyumba ukifunguliwa, na sauti ya Lungisa, "Mama, kaa chini, unakwenda wapi?" Nikageuka. MaMpinga alikuwa amesimama kwenye kizingiti, ameshika mwimo kwa mikono miwili, hakumtazama mjane wala gari. Alikuwa ananitazama mdomo.